Nyayo za Buluu kwenye Zulia la Jawahir

Doa la kwanza lilikuwa dogo, halifiki ukubwa wa yai, na Jawahir asingelijali lau si rangi yake. Lilikuwa la buluu. Juma zima lile, karakana yake ya kutia nguo rangi, pale nyuma ya nyumba yake mjini Garissa, ilikuwa imepika manjano tu.

Lakini Jawahir hakuwa mtu wa kushindwa na doa. Zulia lile jekundu la sebuleni aliletewa na mumewe Warfa juu ya lori, kabla binti yao Hani hajazaliwa, na wageni wote wa heshima walikuwa wamelikalia. Akaleta maji baridi, siki na sabuni ya vyombo, akafunika doa kwa kitambaa cheupe na kubonyeza, akianzia pembeni kuja katikati. Doa la rangi halisuguliwi. Wasuguaji ndio hulizamisha, kisha wakaenda kulia kwa jirani. Lilipotoka lote alijisifu kimoyomoyo, na kwa kweli alistahili.

Kesho yake adhuhuri, saa ambayo mji mzima hujifungia ndani na hata mbuzi hunyamaza vivulini, lilirudi. Safari hii lilikuwa limesogea mbali na mlango wa uani, na lilikuwa na kisigino na vidole vitano.

"Hani! Umeingia karakana?"

Mtoto, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka minne, aliinuka kwenye godoro lake dogo mwisho wa zulia, chini ya pangaboi, alipozoea kulala mchana.

"Hapana, hooyo," alimjibu mama yake, akainua miguu mmoja mmoja ikaguliwe. Ilikuwa safi. Tena wayo ule wa zuliani ulikuwa mdogo kuliko wake.

Jawahir akabonyeza tena, akaosha tena. Kila alipoutoa wayo mmoja, mchana uliofuata aliukuta mwingine mbele yake, umelowa, wa moto ukiugusa, na vidole vyote vimeelekea godoro la Hani. Sebule ikaanza kunuka rangi iliyochemka na nywele zilizoungua. Akachoma unsi, akazungusha chetezo kila pembe; moshi ulipotulia, harufu ile ilikuwa ingali pale, imekaa kama mgeni asiyeaga.

Hofu ikikosa pa kwenda humwangukia aliye karibu. Jawahir alimwendea Kanana, mwanamke wa kutoka Meru aliyekuwa akimsaidia kupika rangi.

"Abaayo, dada yangu, niambie ukweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, kwa sauti ya chini. "Hiyo maji ya rangi ya moto, wewe namwaga kwa shimo ya maji chafu bila kusema Bismillahi? Huko chini iko wenyewe, hao majini. Iko na watoto yao."

Kanana aliweka mwiko chini. "Mama Hani, mimi hungoja ipoe. Wewe ndiye ulinifunza hivyo. Ile buluu ya wiki iliyopita ni wewe ulimwaga. Ulikuwa unaongea na simu, unacheka, ukamwaga sufuria yote ikichemka."

Jawahir akakumbuka. Akakumbuka pia kwamba baada ya kumwaga alisikia kilio chembamba, akadhani ni mwanambuzi. Papo hapo akatuma aitwe msomaji wa dua.

Alasiri ile alikuja Bi Weris, ajuza aliyekuwa akisomea wagonjwa Kurani. Aliinama juu ya zulia bila kuligusa.

"Huyu ni mtoto," alinong'ona. "Ameungua. Anatafuta pa baridi, na pa baridi amepaona kwa mtoto mwenzake. Umekuwa ukimfanya nini?"

"Nimekuwa nikisafisha, ayeeyo. Kwa siki."

"Siki kwenye kidonda!" Bibi alifumba macho. "Hilo unaloliita doa ni ngozi yake, binti yangu. Mama yake anakutazama kila unapoigusa, na amevumilia kuliko ambavyo ungevumilia wewe."

Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamwagiza Jawahir amimine maziwa ya ngamia shimoni na kuomba radhi kwa kinywa chake mwenyewe.

"Na wayo uliobaki uuache. Utafifia wenyewe akipona. Usimhamishe Hani, maana huyu atamfuata hadi pasipo na zulia, na hutamwona anapopita. Lakini akiumia tena mkononi mwako, mama yake hatavumilia. Atachukua wako."

Jawahir alimimina maziwa, akaomba radhi huku akilia. Na kweli harufu ikapungua, na buluu ikaanza kupauka. Alianza kulala usingizi.

Halafu siku moja adhuhuri, akiwa ameketi sebuleni anamtazama binti yake akikoroma taratibu chini ya pangaboi, alisikia hatua ndogo za majimaji, chap, chap, zikitoka mlango wa uani na kupita karibu kabisa na goti lake, akaona manyoya ya zulia yakilala na kuinuka, yakilala na kuinuka, hadi ukingoni mwa godoro, na pale, hapo hapo zuliani mbele ya uso wa Hani, wayo ukajichora, hafifu sana, buluu iliyobaki kidogo tu kuisha, na kama angetulia na kutaja jina la Mola wake angeliona hilo, lakini mama aliyeogopa haoni, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amekwisha kushika Jik, dawa kali ya kutoa madoa, na brashi ya kufulia, yeye aliyewakataza watu wote kusugua, na akasugua, akasugua, mpaka kutoka chini ya zulia kikapanda kilio kilekile cha mwanambuzi, kirefu, kisha kikakatika.

Zulia lilikuwa limepauka, lakini safi. Hani alifumbua macho, akatabasamu. Jawahir alimkumbatia, akijiambia kwamba yamekwisha.

Magharibi ilipokaribia alimkalisha mtoto kwenye beseni amwoshe miguu. Maji yakageuka buluu. Akachukua sabuni, akaanza kusugua nyayo zile ndogo, ndogo kuliko alivyozizoea, na mtoto akauvuta mguu.

"Usinisugue," alisema polepole. "Bado kunauma."

Jawahir aliiacha sabuni ikazama. Na huko nje, upande wa karakana, Kanana aliangusha sufuria, akapiga kelele.

"Mama Hani! Kuja haraka! Hani analia huku kwa shimo, anakuita, na mimi simwoni!"