Ukimfuta Mke, Watoto Wanamfuata

"Nataka kutoa bibi kwa system."

Sikuinua macho. Sauti hiyo nimeishi nayo miaka tisa, hata ikikohoa katikati ya kanisa lililojaa ningeijua.

"Bibi gani?"

"Usijifanye, Wariara. Wewe."

Ilikuwa saa nne asubuhi kwenye zahanati ya shamba la maua, Naivasha. Mimi ndiye karani wa rekodi pale. Mfanyakazi akitaka kuongeza au kuondoa mtu wa familia yake anayetibiwa bure, anakuja kwa dirisha langu. Na sasa Kahiga, mume wangu, msimamizi wa wapulizaji dawa, aliyehama nyumba yetu ya Kihoto wiki tatu zilizopita na begi moja na redio, amekuja niondoe jina langu kwa mkono wangu mwenyewe. Haya hana hata kidogo.

"Boss, namba ya kazi," nikasema.

"Unaniita boss?"

"Hapa kila mtu ni boss. Namba."

Akaitaja. Nyuma yake foleni nzima ilisogea, gumboot kwa gumboot, kila mtu ametega sikio.

"Na hapo mahali pako uweke huyu." Akatupa kitambulisho cha mwanamke kwenye kaunta. Valarie. Nilijua kuna mwanamke, lakini sikujua ataletwa mbele yangu nimwandike. Niliumia, sitadanganya.

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sina ruhusa. Karani hagusi rekodi yake. Sue!"

Sue ni mkubwa wangu. Akatoka chumba cha ndani na kikombe chake cha chai, akakaa kwenye kiti changu, akabonyeza. Kwenye skrini kukatokea onyo, akalisoma kwa sauti:

"'Ukifuta rekodi hii, rekodi mbili zilizounganishwa nayo zitafutwa pia.'"

"Mbili gani?" Kahiga akauliza.

"Abby na Jamleck," nikasema.

"Hao ni watoto wangu!"

"Skiza, Kahiga," Sue akasema. "Database si daftari ya kuandika majina tu. Rekodi zimeshikana. Hapa kuna wanaume wako na bibi wawili, watatu. So walioitengeneza wakasema mtoto ashikane na mamake, na mama ashikane na mfanyakazi. Ukimtoa mama, watoto wanaenda na yeye."

"Na Ijumaa ya wiki ijayo Abby anachukua inhaler," nikaongeza. "Akifutwa, hapati. Mimi niko kwa contract, siwezi kuandikisha mtoto."

Abby ana miaka sita na pumu. Kahiga anajua kifua chake kikibana kinavyolia. Akakuna shingo, akafikiria, na hiki ndicho alichofikiria:

"Basi waweke chini ya Valarie."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta.

"Watoto wangu chini ya nani? Mafuriko yalipoingia Kihoto, ni Valarie alimbeba Abby maji ikiwa kwa magoti? Sema, Kahiga! Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Usinipigie kelele mbele ya watu!"

"Ni wewe umeleta watu!"

"Wariara, tulia," Sue akasema. "Kahiga, kwanza tuone kama huyo mama anaingia. Kwa system mtu ni namba yake ya kitambulisho. Majina hufanana, namba hazifanani."

Akaiandika namba ya Valarie. Skrini ikajibu kwa rangi nyekundu: *Namba hii tayari ipo.*

"Rudia," Kahiga akasema.

Sue akarudia. Jibu likawa lile lile.

"Iko aje na sijawahi kumwandikisha?"

"Wewe hujamwandikisha," Sue akasema polepole.

"Ni nani basi?"

"Siruhusiwi kusema. Najua tu namba moja haiingii mara mbili kwa jedwali la mabibi."

Mama mmoja kwenye foleni hakuhitaji ruhusa ya mtu. Akachungulia kitambulisho pale kaunta.

"Si huyu ni Valarie, bibi ya Kiprugut wa cold room ya maua? Walifanya harusi December. Tulikula pilau!"

Foleni ikaangua kicheko. Kahiga akatoa simu, akapiga, akaweka spika bila kukusudia.

"Valarie, wewe umeolewa?"

"Nani amekuambia?"

"Computer."

"Nitakupigia." Simu ikakatwa.

Mume wangu akanigeukia, sauti imelainika ghafla.

"Mama Abby, tuache haya maneno. Sikufuti tena. Leo jioni narudi nyumbani."

"Sue, ghairi," nikasema.

Kahiga akatabasamu. Maskini, alidhani ni mapenzi.

Jioni hiyo meseji zikaanza. "Niko kwa gate, fungua." Sikufungua. "Shetani alinidanganya." Nikajibu: "Hapana. Shetani angeuliza kwanza kama ameolewa."

Mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa nimewaandikia wakubwa kwamba jedwali la watoto limeundwa vibaya: mtoto ashikane na namba ya kazi ya babake moja kwa moja, na kitambulisho cha mamake kiandikwe kando, ili mzazi mmoja akiondoka mtoto asidondoke. Walielewa upesi, wanaume waliofiwa na bibi zao walikuwa wameshalalamika kwamba watoto wao wamefutwa. Baada ya wiki moja na nusu mtaalamu akaja kutoka Nakuru, akabadilisha.

Ijumaa Abby akapewa inhaler. Nilimpa babake, aliyekuwa kwenye foleni, ambebe, nikazunguka kaunta nikampa Sue fomu ya kujiondoa kwa rekodi ya Kahiga, imesainiwa.

"Una uhakika?" Sue akauliza.

Kahiga akasogea, mtoto mkononi. "Si ulighairi? Nilijua umenisamehe."

"Siku ile ningeondoka na pumzi ya mtoto. Leo naondoka peke yangu."

"Wariara, tafadhali. Niambie unataka nini, nitafanya."

"Mlete Abby nyumbani saa kumi. Asikae kwa vumbi."

Sue akabonyeza. Safari hii mashine haikuonya chochote.