Mzigo Juu ya Waya

Kila siku baada ya masomo, Kellen alipitia vichaka vilivyo nyuma ya stesheni ya Kasese, akaokota kuni, akazifunga kwa kamba ya mgomba na kurudi nyumbani kando ya reli. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na miguu yake haikujua kutulia. Mama yake, Yayeri, alizoea kusema kwamba mtoto huyu hata akila, yuko mbioni.

Baba yake, Zedekia, alifanya kazi katika kibanda cha ishara pale stesheni. Ndani ya kibanda zilisimama nyenzo za chuma kwa mstari. Zedekia alipovuta wenzo mmoja, waya mrefu ulivutika juu ya vigingi vifupi kando ya reli, na mbali kabisa, karibu robo maili, mkono mwekundu wa ishara ukashuka. Mkono ukinyooka, gari moshi lilisimama, ukishuka, lilipita. Kellen hakuchoka kulistaajabia jambo hilo: mtu kusimama hapa akaliamuru gari moshi kule, bila kuinua sauti.

Jumanne moja ya mwaka 1968, kuni zilikuwa mbichi na nzito. Emérance, rafiki yake ambaye wazazi wake walikimbia vita kutoka Beni, upande wa pili wa mpaka, alimwita akiwa ng'ambo ya reli.

"Kellen, kuya! Tunaruka kamba, na tunakosa mutu mumoja."

Juzi tu kulikuwa na mvua, na Kellen hakutaka kubwaga kuni matopeni. Baba alikuwa amemkataza mara nyingi kugusa waya ule. Alikumbuka, lakini akajiambia ni dakika mbili tu. Akautua mzigo juu ya waya, katikati ya vigingi viwili, akavuka reli mbio.

Hata zamu yake ya pili haikufika. Breki zililia mpaka watoto wakaziba masikio. Gari moshi la abiria kutoka Kampala lilikuwa limepita ishara na kuingia katika njia ambako mabehewa yaliyopakiwa shaba ya mgodi wa Kilembe yalikuwa yamesimama. Dereva aliyaona, akafunga breki kwa nguvu zote, na injini ikasimama hatua kumi tu kabla ya kuyagonga. Ndani, abiria walirushwa huku na huku. Mama mmoja muuza vitenge, jina lake Kulusum, alianguka akavunjika mkono.

Kellen aligeuka. Mzigo wake ulikuwa umeukandamiza waya hadi karibu na ardhi, na kule mbali mkono mwekundu ulikuwa umeshuka. Alirudi, akaunyakua mzigo na kukimbia. Nyuma yake waya uliruka juu, na mkono ukanyooka kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni Zedekia alirudi bila kofia yake ya kazi.

"Dereva anasema ishara ilikuwa imeshuka," alimwambia Yayeri. "Mimi sikuugusa wenzo. Stesheni masta anasema mkono haushuki wenyewe. Wamenisimamisha mpaka mkaguzi aje Alhamisi. Wakinifukuza, tutarudi Bwera tukalime kahawa kwa kaka yangu."

Kellen alikuwa akichambua maharage. Ungo ulimponyoka, akayaokota, ukamponyoka tena.

Kesho yake darasani hakuweza kukaa. Mara asimame, mara aombe ruhusa ya kutoka. Wakati wa mapumziko Emérance alimvuta kando.

"Nyamaza tu. Hakuna mutu alikuona, ni mimi peke yangu."

"Na baba je?"

"Baba yako ni mukubwa, atapata kazi ingine. Wewe watakufunga."

Kellen alitaka sana kuyaamini maneno hayo. Aliyarudia njia nzima mpaka nyumbani. Lakini alipofika alimkuta mama akifunga sufuria ndani ya mkeka. Baba alikuwa amekaa nje peke yake, mkono wake wa kulia ukienda mbele na kurudi taratibu, kama anayevuta wenzo usioonekana.

"Nawaza labda niliuvuta nikasahau, mama," alimwambia binti yake bila kumtazama. "Mtu anaweza kusahau jambo kama hilo?"

Kellen aliketi chini mbele yake.

"Hukuvuta, baba. Ni mimi. Niliweka kuni juu ya waya."

Mkono wa Zedekia ukatulia.

"Kesho utayasema hayo mbele ya mkaguzi," alisema hatimaye. "Mimi nitasimama karibu nawe."

Mkaguzi, Bwana Tumukunde, hakumwamini mara moja.

"Watoto huwatetea wazazi wao," alisema. "Lete mzigo wenye uzito uleule, nione."

Njia ilikuwa tupu, halikutarajiwa gari moshi lolote. Stesheni masta alibaki kibandani kuangalia wenzo. Kellen aliutua mzigo palepale. Waya ulizama, na kule mbali mkono mwekundu ukashuka. Stesheni masta akapaza sauti dirishani kwamba wenzo haujatikisika. Kellen alipoondoa mzigo, mkono ulinyooka.

Mkaguzi aliandika kwa muda, kisha akamgeukia Zedekia. "Rudi kazini. Na waya huu tutautilia kinga."

Halafu akachutama mbele ya Kellen.

"Sikiliza, binti. Waya humtii yeyote anayeuvuta, awe baba yako au mzigo wa kuni. Waya ukiulizwa, hauwezi kusema ni nani aliyeuvuta. Wewe ndiye uliyeweza kusema, ukakaa kimya hadi mtu asiye na kosa akaanza kujishuku. Uzembe ni kosa. Kunyamaza mwenzako akiumia kwa ajili yako ni kosa kubwa zaidi. Siku nyingine ukikosea, sema siku ileile. Na kwa mwezi mzima, kila Jumamosi, utapita nyumba zote za kando ya reli uwaeleze watu kwa nini waya huu hauguswi."

"Ndiyo, bwana," Kellen alijibu. Kisha akauliza, "Naweza kwenda sasa hivi hospitali, kumwomba radhi Mama Kulusum?"

Mkaguzi alimtazama Zedekia. Zedekia akamshika binti yake mkono, wakaondoka pamoja.