Dubu wa Maskati

Kila alasiri Rufaida alipotoka shuleni, alikuta mlango wa nyumba yao umefungwa kwa kufuli. Nyanya yake, Bi Shekha, saa hiyo alikuwa kando ya barabara kuu ya Muyeye, Malindi, amekaa mbele ya karai lake la viazi, na harudi mpaka magharibi iishe. Rufaida alichukua ufunguo kwa jirani, akafungua, akavua sare, akala chakula kilichofunikwa kwa kawa, kisha akainama uvunguni mwa kitanda na kuvuta boksi.

"Haya, wanangu, nimerudi," alisema. "Mmeshindaje?"

Wanawe hawakumjibu, maana walikuwa dubu wa kitambaa. Mmoja alikuwa mweusi, ameshonwa kwa koti kuukuu. Mwingine alikuwa wa taulo la waridi. Mwingine alikuwa wa kijani, na Rufaida hakujali kwamba duniani hakuna dubu wa kijani. Kila mmoja alikuwa na jina lake na tabia yake, na wa kijani ndiye aliyekuwa mtukutu.

Mchezo huu aliuanza pale mama yake alipomletea dubu mmoja kutoka kwenye rundo la mitumba, tumbo limepasuka na jicho moja hana. Mtoto mwingine angemtia kiraka akamaliza. Rufaida alimfumua mshono kwa mshono, akavitandaza vipande vyake juu ya gazeti, akavichora, kisha akaanza kukata na kushona vya kwake. Macho alitia vifungo vya shati. Pua aliidarizi kwa uzi mweusi. Tumboni alijaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi, kwa sababu mama yake alifanya kazi Kilifi kwa fundi wa mito na magodoro, na kila mwisho wa mwezi alipokuja nyumbani alibeba mfuko wa sufi iliyobaki. Rufaida aliichambua mbegu moja moja, na vumbi lake jepesi likamfanya apige chafya mpaka machozi yakamtoka.

Ilikuwa kazi nzuri, tena ya mikono hodari. Lakini tuseme kweli jamani: mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye kila jioni hana wa kuzungumza naye ila dubu, ana raha gani? Rufaida alikuwa mpweke. Alihamia Malindi mwezi wa Januari, kwa kuwa kule Kilifi hapakuwa na mtu wa kukaa naye mama akiwa kazini. Katika Gredi ya Sita wasichana walikuwa wameshazoeana tangu chekechea. Wa kuruka kamba walikuwa na wenzao, na wa kusukana walikuwa na wenzao. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwita. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake akijifanya anasoma.

Siku moja alimtia dubu mmoja wa hudhurungi mkobani, apate angalau mtu wa kwenda naye. Alipokuwa akitoa kitabu, dubu akaanguka chini. Nyale, mvulana mwenye mdomo mkali kuliko wote darasani, akamwokota.

"Weee! Tazameni! Msichana mzima anabeba tedi!"

Darasa likaangua kicheko. Rufaida alitamani ardhi ipasuke aingie. Lakini Sahla, msichana ambaye akicheka wote hucheka na akinuna wote hununa, alimnyang'anya Nyale yule dubu akamgeuzageuza.

"Mzuri huyu," alisema. "Umemnunua wapi?"

Macho yote yalikuwa kwa Rufaida. Tangu aingie shule ile hajawahi kutazamwa hivyo. Kusema "nimemshona mwenyewe kwa blanketi la mtumba" kulikuwa kwepesi, lakini alimwona Nyale amesimama pale, mdomo tayari.

"Mama ameniletea," alisema. Kisha ulimi ukateleza: "Kutoka Maskati, Omani. Anafanya kazi huko."

"Maskati!" wakasema wote.

Kuanzia siku hiyo Rufaida akapata pa kukaa. Sahla alimwita kwenye kivuli cha maktaba, wakala pamoja maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Waliruka kamba, na zamu yake ikafika kama za wengine. Lakini maswali nayo hayakwisha. Maskati kukoje? Mama yako anarudi lini? Atakuletea nini tena? Rufaida alibuni leo, akasahau kesho, akabuni upya. Na Sahla alipotaka kuja kwao kuwaona dubu wengine aliosimuliwa, leo nyanya anaumwa kichwa, kesho nyanya hapendi kelele. Angemkaribishaje, na sindano, mikasi na mfuko wa sufi viko palepale kitandani? Jioni akarudi kwa dubu wake vilevile. Zamani alikuwa mpweke kwa kukosa watu. Sasa alikuwa na watu, lakini hakuweza kumwambia hata mmoja wao jambo la kweli, na upweke huu ulimuuma zaidi.

Idi ilipokaribia, Sahla alimwomba kitu kimoja. "Nataka kumpa Ridhwan zawadi ya Idi. Niuzie dubu wako mmoja."

Ridhwan alikuwa mdogo wake Sahla, mwenye miaka minne.

"Sikuuzii, nakupa," alisema Rufaida kwa furaha.

"Lakini hebu niambie, ndani ana nini? Ridhwan ana pumu. Daktari alitukataza mito ya sufi, vumbi lake linambana kifua."

Hapa ndipo Rufaida angeweza kusimama. Wapi! Aliona akisema sufi, Sahla atauliza Maskati kuna misufi tangu lini, na yote yatamwagika.

"Sponji," alijibu. "Wa ng'ambo wote hutiwa sponji."

Akampa yule wa hudhurungi. Moyoni alijifariji kwamba sufi yenyewe ni kidogo, tena ameichambua vizuri.

Baada ya Idi, Sahla alianza kuja shuleni macho mekundu. Ridhwan alikohoa usiku kucha, kifua kinalia kama filimbi. Walifua mapazia, wakakunja zulia. Mama yao aliacha kufukiza udi, naye alikuwa mtu wa udi kila Ijumaa. Hata paka wakampeleka kwa shangazi.

"Mtoto hatulii mpaka amkumbatie yule dubu wako," Sahla alisema. "Humlaza juu ya pua kabisa."

Rufaida alijua kinachombana ni ile sufi. Akajaribu werevu. "Hebu niletee yule dubu kesho. Sikio lake nililiona limelegea, nimpeleke akashonwe."

"Nani atamtoa mkononi mwa Ridhwan? Atalia, na akilia kifua kinabana zaidi. Achana na sikio."

Kesho yake Sahla hakuja shuleni. Mwalimu alisema mdogo wake amepelekwa hospitali alfajiri. Siku nzima Rufaida hakusikia lililofundishwa. Kama atasema, amempoteza Sahla, na Sahla ndiye mtu pekee aliyempata Malindi nzima. Kama hatasema, yule mtoto atalala tena usiku huu na sufi juu ya pua. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia hakwenda kuchukua ufunguo. Alikwenda kwa akina Sahla, na njia nzima miguu ilimwambia rudi.

Mlango ulifunguliwa na mama yao, Bi Zuhura.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye Rufaida, yule wa Maskati? Karibu. Tumerudi sasa hivi."

Ridhwan alikuwa ameegemezwa kwenye mkeka. Mbavu zilipanda na kushuka, na chini ya kidevu chake alikuwapo dubu wa hudhurungi.

"Wamemvutisha mashine ya mvuke, amepata nafuu kidogo," Bi Zuhura alisema, akakaa chini kwa uchovu. "Daktari ananiuliza nyumbani kumeingia nini kipya. Nami sijui tena nitoe nini."

"Mtoe dubu," alisema Rufaida.

"Ati nini?"

"Mtoe dubu, Mama. Ndani ana sufi." Machozi yalianza kumtoka, lakini alipokwisha kuanza hakuacha. "Nilimshona mimi kwa blanketi la mtumba. Mama yangu hayuko Maskati, yuko Kilifi, anajaza magodoro. Sahla aliniuliza, nikamwambia sponji."

Bi Zuhura alimtoa dubu polepole mikononi mwa mtoto, akaenda naye uani, akakata mshono kwa wembe. Sufi nyeupe ikachungulia. Akamtumbukiza ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo. Huku ndani Ridhwan analia. Sahla alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, na yote ameyasikia.

"Ulijua tangu lini?" Bi Zuhura aliuliza.

"Tangu alipoanza kukohoa."

"Tangu alipoanza kukohoa. Nami nahamisha paka." Aliusukuma ule mfuko mbali na mlango. "Nenda kwenu, mwanangu. Umefanya vyema kuja, lakini sasa hivi nina hasira, na sitaki kumtolea neno baya mtoto wa mwenzangu."

Rufaida alimtazama Sahla. Sahla akageuza uso.

Nyanya aliporudi na karai lake, Rufaida alimweleza yote. Bi Shekha hakumpiga. Alipiga simu Kilifi, akampa.

"Kwa hivyo mimi niko Maskati," mama alisema. "Mchana kutwa nakula vumbi la sufi hapa Kilifi, kumbe niko Maskati."

Rufaida alilia tu.

"Unanionea haya, Rufaida?"

"La, Mama! Niliogopa watanicheka."

Mama akauliza, "Umemwambia mama wa mtoto kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Hilo limenipoza roho kidogo. Mengine tutazungumza nikija. Lakini ujue umeniumiza."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nyale hakukosa lake: "Maskati! Ndege inaondoka saa ngapi?" Kwenye kivuli cha maktaba hakuna aliyempisha, naye hakuomba. Alirudi kukaa peke yake na kitabu chake. Habari za Ridhwan alizipata kwa kusikiasikia: amelala usiku mzima, amemkimbiza kuku uani, paka wao amerudishwa. Kila aliposikia hivyo alishusha pumzi. Hata dubu hakuwagusa tena. Alikaa kitandani akisikiliza redio za majirani mpaka nyanya arudi.

Jumamosi moja asubuhi, Bi Shekha akimenya viazi mlangoni, pakasikika sauti.

"Hodi?"

"Karibu. Nani?"

Alikuwa Sahla, na mkononi ana mfuko. Hakutabasamu. Alimwamkia nyanya, kisha akatoa ngozi ya dubu wa hudhurungi, tupu, imefuliwa na kukauka.

"Ridhwan anamlilia usiku," alimwambia Rufaida. "Mama amesema umjaze tena. Lakini nikae hapahapa nione unachotia."

"Kaa," alisema Rufaida.

Nyanya alitoa fulana kuukuu zilizofuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Rufaida akazikata vipande vidogo vidogo. Sahla alichukua kila kipande, akakikung'uta, akakinusa, ndipo akampa.

"Wote umewashona wewe?" hatimaye Sahla aliuliza.

"Wote."

"Ungeniambia siku ile, unadhani ningekucheka?"

"Sijui."

Sahla akafikiri. "Ningekucheka kidogo. Kisha ningetaka unifundishe."

Bi Shekha aliweka kisu chini. "Nisikilizeni nyote wawili. Rufaida, ulitafuta rafiki, ukamtafutia yule mtoto wa Maskati uliyembuni. Huyo ndiye aliyealikwa kula maembe, nawe ukabaki peke yako nyumbani. Mtu hawezi kukuondolea upweke kama hajui ni wewe. Na tena, usicheze na afya ya mwenzio kwa sababu ya aibu yako. Mficha maradhi, mauti humuumbua, wahenga walisema, na safari hii aliyekuwa karibu kuumbuliwa ni mtoto mdogo asiye na kosa. Aibu ya kusema kweli huisha. Pumzi ikikatika haiungwi."

"Nimekosa, Nyanya," alisema Rufaida. Akamgeukia Sahla. "Nimekukosea. Nisamehe."

"Bado nina hasira," Sahla alisema. "Lakini endelea kushona."

Rufaida alishona mshono wa mwisho, mfupi mfupi ili usifumuke, akakata uzi kwa meno. Dubu alikuwa mzito kuliko zamani na tumbo limekaa upande. Sahla alimbonyeza, akamnusa, akaridhika.

"Ridhwan ataniuliza ametoka wapi," alisema. "Mara ile nilimwambia Maskati. Sasa nimwambie nini?"

Rufaida alivuta pumzi.

"Mwambie nimemshona mimi, Rufaida wa Muyeye," alisema, "kwa blanketi la mtumba."

Alisema kwa sauti, mlango uko wazi, na watu wanapita.