Kahawa Iliyodondokea Ndani ya Kompyuta

Kitu cha kwanza ambacho hakikukaa sawa ni kwamba Lameki aliondoa kahawa mezani. Mgeni ametoka Bukoba mjini mpaka kwako Kagoma, amekaa, hata jasho halijamkauka, na wewe unachukua kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna unakipeleka chumbani? Kwa Wahaya hata mgeni usiyempenda humfanyii hivyo. Rwekaza aliona, akameza, kwa sababu mwenye shida alikuwa yeye.

Shida yenyewe ilikuwa feni. Rwekaza huwachorea watu nyumba kwa kompyuta, pale Bilele, Bukoba mjini, katika vyumba viwili vya kupanga anavyokaa na mkewe Annastella na binti yao Kemilembe, ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba. Mteja anataka kuiona nyumba yake kabla ya tofali la kwanza, na vigae vyake, na kivuli cha mgomba ukutani. Picha ya namna hiyo inaitesa mashine. Basi Rwekaza, kwa ubishi wake, akaingia kwenye mipangilio akailazimisha prosesa ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia. Ikakimbia kweli. Lakini ikachemka, na ile feni ndogo iliyokaa juu yake ikawa inanguruma kutwa nzima utadhani mashine ya kusaga. Mtoto akawa halali. Annastella alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti: "Baba Kemi, chagua. Ihame hiyo mashine, au nihame mimi na mtoto."

Ndipo akaanza kutafuta kipoza kingine cha kuiondolea prosesa joto. Vipya vyenye feni mbili vilikuwa virefu, kasha la kompyuta lisingefunga, na bei yake ilikuwa ya watu wengine. Vya maji alivikataa mwenyewe. Maji juu ya umeme, katika chumba anacholala mtoto, hapana. Mwisho fundi mmoja akamwelekeza kwa Lameki, muuza vifaa vilivyotumika.

Lameki alikimwaga kipoza kutoka kwenye gunia bila kukigusa. Yalikuwa mabati membamba yaliyopangwa karibu karibu, mabomba sita ya shaba yakipita katikati, na feni hakikuwa nayo hata moja.

"Hakina sauti kabisa," alisema Lameki, amesimama mbali. "Kilikuwa kisiwani, kwa mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa na banda la video."

"Na yeye sasa anatumia nini?"

"Hatumii kitu." Lameki akatazama mlangoni. "Walimkuta mchana wa jua kali, amekaa mbele ya mashine, mwili umekuwa barafu. Nakwambia ili usije ukanilaumu. Nipe chochote ukiondoe hapa. Ila ukikifunga, usiwe unakula kitu."

Rwekaza alicheka. Hadithi za visiwani hazijawahi kumnyima mtu usingizi Bilele, na fundi gani anakula huku amefungua kompyuta?

Sasa sikia ujinga wa mtu mwenye akili. Kesho yake saa tisa alasiri, mvua ikipiga bati, Rwekaza alinawa mikono, akahakikisha hakuna hata chembe ya mkate mezani, akaanza kazi huku anatafuna kahawa. Mtu wa kwetu ukimwambia asile, kahawa haimo. Kahawa si chakula, ni kitu cha kuwa nacho mdomoni.

Alipasua ganda moja kwa meno. Ndani mlikuwa na punje mbili, kama kawaida. Moja akaibana shavuni, nyingine akaishika kwa vidole huku anakandamiza kipoza kikae. Bati likamkata kidole cha shahada. Punje ikateleza na damu yake, ikadondokea katikati ya mabati. Alitikisa, akachokonoa kwa kijiti, akamulika kwa simu. Haikuwepo. Akakinyonya kidole kama afanyavyo mtu yeyote aliyejikata, na damu ile ilikuwa na ladha isiyokuwa yake, ya samaki aliyekaa siku nyingi kwenye barafu.

Akawasha. Kimya. Kwenye skrini, joto la prosesa lilisoma nyuzi kumi na nne.

Chumbani mlikuwa na nyuzi ishirini na nne. Fundi yeyote atakwambia kwamba kipoza cha bati hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hilo haliwezekani, basi. Rwekaza alijua. Akaipandisha kasi ya prosesa kwa majaribio. Joto likashuka mpaka kumi na mbili. Na aibu ya mambo haya yote ni kwamba alifurahi.

Wiki ya kwanza mtoto alilala vizuri, Annastella akaanza tena kuimba akipika. Kisha ikaja harufu ya samaki, kila mashine inapozimwa, na haikutoka kwenye kasha, ilitoka kwenye kitanda cha mtoto, na miguu yake ikawa ya baridi, wakasingizia mvua. Kisha ikaja sauti. Annastella ndiye aliyeisikia kwanza, asubuhi, akasimama na ufagio mkononi.

"Unatafuna kahawa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

Walisikiliza wote wawili. Ndani ya kasha lililozimwa, kitu kilikuwa kinatafuna polepole, upande mmoja wa mdomo.

Jumapili, wametoka misani, umeme ukakatika. Annastella alimwinua mtoto kitandani akatoa sauti ambayo Rwekaza hakuwahi kuisikia kwake, kwa sababu Kemilembe alikuwa wa baridi, baridi ya tumboni na kwapani, midomo imepauka, na wala hakuwa analia, alikuwa ametulia macho wazi anaitazama kompyuta. Walimfunika, wakamsugua, wakamweka kifuani, wapi. Umeme uliporudi, mashine ikajiwasha yenyewe, na mtoto akaanza kupata joto kuanzia nyayo.

Wakaelewa. Kitu kile kinakula joto. Mashine ikifanya kazi kinakula la mashine. Ikizimwa, kinakula la mtoto.

Rwekaza alijaribu kukifungua. Alipolegeza skrubu ya kwanza nusu mzunguko, Kemilembe aliacha kupumua. Alipoirudisha, akapumua. Annastella alimbeba mtoto akakimbilia Kagondo kwa Shangazi Benigna, dada wa marehemu baba yake Rwekaza, mama wa rozari ambaye pia anajua majani. Rwekaza alipoizima mashine kidogo tu huko Bilele, akidhani umbali umemwokoa mtoto, mtoto aliganda huko huko Kagondo. Jioni ile ile shangazi akaja nao, na mkoba wake.

Alifukiza majani, akanyunyiza maji ya baraka, akakiamuru kitu kile kitoke. Moshi ulilizunguka kasha bila kuligusa.

"Hili lilikujaje?" aliuliza kwa kunong'ona. "Na usinifiche, mwanangu."

Rwekaza akasimulia yote, mpaka kahawa. Shangazi akaweka chini chetezo.

"Punje za ganda moja?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Moja ukala wewe, nyingine ikaenda kwake na damu yako. Nawe ulionja nini?"

Rwekaza akakumbuka ile ladha ya samaki. Akajibu kwa shida, "Damu ya kwake."

"Mawe! Mama yangu!" alisema mama yule, akakaa. "Omukago, undugu wa damu. Babu zako walikula kahawa yenye damu na mtu wasiyezaliwa naye, wakawa ndugu mpaka kufa. Nyumba yako ikawa yake, mwanao akawa mwanawe. Jini ningelifukuza. Huyu umemfanya ndugu, nitamfukuza kwa neno gani? Kwa Kemilembe huyu sasa ni taata, baba sawasawa na wewe."

"Nifanye nini, Shangazi waitu?"

"Ndugu huombwa."

Hakumaliza kusema, umeme ukakatika. Giza la wingu la mvua likajaa chumbani, kutafuna kukaanza, mara hii kwa pupa, na mikononi mwa Annastella mtoto akawa mweupe kuanzia vidoleni kupanda juu, na mama yake akawa anamwita jina lake bila kupumzika, Kemi, Kemi, Kemi, na shangazi akawa kwenye rozari, na Rwekaza akalivua kasha mfuniko, akapiga magoti, akautia mkono wake uliokatwa katikati ya mabati yale mpaka yakamchana upya, akasema, huku meno yanagongana, "Ndugu yangu, nakuomba, mwache mtoto, kula kwangu."

Kutafuna kulikoma. Baridi ikampanda mkononi, begani, ikaingia kifuani ikakaa. Nyuma yake Kemilembe akaanza kulia, kilio kikubwa cha njaa, na Annastella akalia naye kwa furaha.

Siku hizi ukimkuta Rwekaza pale Bilele saa sita mchana, amevaa koti zito. Wateja humsalimia kwa mkono mara moja, safari nyingine wanapunga tu. Umeme ukikatika hana haja ya kuambiwa, anafungua kasha anaingiza mkono. Amezoea, hata kule kutafuna. Mtoto ana joto, ananenepa, na Rwekaza anasema hajapata kufanya biashara nzuri kama ile.

Juzi Annastella alimwita, anacheka. "Baba Kemi, njoo usikie, anasema."

Kemilembe alikuwa ametambaa mpaka mbele ya mashine, ameketi, amempa baba yake mgongo.

"Taata," alisema.

"Naam, mwanangu," Rwekaza aliitika, akachuchumaa, akamnyooshea mikono.

Mtoto hakugeuka. Aliweka kiganja chake kwenye kasha, akaita tena, "Taata," na mle ndani kutafuna kukasimama, kama mtu anayemeza kwanza ndipo ajibu.