Aliyebeba Kioo

Ukuta uliotenganisha chumba cha kushonea na chumba cha mtoto haukuwa wa matofali. Ulikuwa wa bodi za jasi, zile nyeupe zinazokatika kwa kisu, zimepigiliwa juu ya nguzo nyembamba za mbao, na kati ya nguzo na nguzo mna uwazi mtupu. Kwa hiyo seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji kwa kuwa hakupigilia hata msumari wa kalenda bila kupima kwanza, hakuanza kwa kutoboa. Alianza kwa kugonga.

"Kioo hiki tumekishusha garini watu wawili tukitweta," alimwambia mshonaji. "Nikikitundika kwenye jasi tupu, kesho utakizoa kwa fagio. Lazima niipate nguzo."

"Fundi, mimi najua pindo na bega. Ya ukuta nimekuachia."

Mshonaji alikuwa mjane. Tangu amzike mumewe alibaki na cherehani na binti wa miaka saba, na kati ya hao wawili, alikuwa akisema, mwenye kelele zaidi si cherehani. Mtoto aliitwa Kasuku. Alizungumza akila, akioga, hata usingizini. Lakini adabu alikuwa nayo. Fundi alipofika, ni yeye aliyemkimbilia mlangoni: "Shikamoo, fundi! Nikupokee!" Akauburura mfuko wa zana hadi ndani, ulimi nje kwa uzito, na mama yake akatabasamu, maana ndivyo alivyomlea: mgeni hasimami na mzigo wake huku wewe unamtazama.

Pimamaji akagonga kwa kifundo cha kidole. Patupu. Akasogea. Patupu. Akasogea tena, na kwa mazoea yake ya kutaniana na kazi, akauambia ukuta, "Hodi humu ndani!"

"Karibu! Pita!" mshonaji akaitika kutoka jikoni, akidhani ni mteja.

Fundi akagonga. Ukuta ukatoa sauti nzito, ya kitu kilichojaa.

"Nilikuwa naongea na ukuta, dada," akacheka. "Lakini umenisaidia. Nguzo hii hapa."

Skrubu mbili ndefu, moja kushoto na moja kulia, ziliingia kwa shida, kama zinazopenya mti mbichi. Fundi akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Hata mlio haukusikika. Yeye na mshonaji wakakipandisha kioo, akaweka pimamaji juu yake, povu likatulia katikati. Hapo ndipo alipokunja uso.

"Ajabu. Nguzo za ukuta huu zimepangwa kwa kipimo kimoja. Hii imekaa pasipo pake. Tena ni pana mno."

"Inashika?"

"Inashika kuliko zote."

"Basi Mungu ambariki aliyeiweka," mshonaji akasema, akarudi jikoni.

Siku chache baadaye mwalimu wa shule ya jirani alikuja kujaribu gauni lake. Akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena.

"Shoga, mbona bega limeanguka?"

Mshonaji akapima kwa futi kamba. Mabega yalikuwa sawa. Akatazama kiooni, yalikuwa yameanguka yote mawili, na shingo ya mwalimu imezama katikati yake, kama ya mtu aliyejitwika gunia. Alifumua mishono, akashona upya. Mteja aliyefuata naye akalalamika vilevile. Wa tatu hakulalamika. Alivua koti, akasema ghafla amechoka, akaenda zake bila kuaga.

Kisha ikaja harufu. Kwanza ya jasi mbichi, ingawa ukuta ulikuwa mkavu. Na chini yake ya jasho, jasho kali la mchukuzi aliyepanda ngazi nyingi. Mshonaji alifungua madirisha. Upepo uliingia, harufu haikutoka.

"Mama," Kasuku akasema asubuhi moja akinywa chai, "kuna mtu anahema nyuma ya kitanda changu."

"Ni panya."

"Panya hasemi 'nimelemewa'."

Mshonaji aliweka kikombe chini. Akaenda chumbani kwa mtoto, akapiga goti juu ya kitanda, akatega sikio kwenye bodi, na akasikia pumzi ikivutwa taratibu, ikizuiliwa, ikiachiwa kwa mtetemo, jinsi anavyohema mtu anayeogopa kwamba akipumua zaidi atadondosha alichobeba.

Mganga aliyemwita alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Hakuvuka kizingiti cha chumba cha kushonea. Alinusa tu, akamvuta mshonaji hadi uani.

"Nani alipiga hodi?" akanong'ona.

"Fundi. Alikuwa anatania."

"Na nani alimwitikia?"

Mshonaji akageuka kutazama jikoni, alikoitikia siku ile.

"Jini aliyevamia namtoa, dada yangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Huyu kakaribishwa na mwenye nyumba. Naye akaja, akasimama ukutani ili apite, mkampigilia skrubu mabegani na kumtwika kioo. Kuingia hawezi, kurudi hawezi."

"Tukikishusha je?"

"Ataingia. Karibu yako hujaitengua, wala sijui dawa ya kuitengua. Hama. Na kabla hujahama, asitokee mtu wa kumpokea mzigo huo. Atamtafuta. Asimpate."

Jioni ile mshonaji alimpakata bintiye, mkubwa kama alivyokuwa.

"Ukisikia mtu ndani ya ukuta anaomba apokewe, usiende."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa mzee."

"Hata akilia?"

"Hata akilia."

Kasuku akafikiri. "Na akiwa wewe?"

Mshonaji akacheka, kicheko cha kwanza tangu kioo kiingie nyumbani mle. "Mimi nipokee, mwanangu. Mimi nipokee siku zote."

Siku ya kuhama Pimamaji alileta gari dogo la mizigo. Jua lilikuwa kali, majirani wakipita na kuuliza wanahamia wapi. Cherehani ilitangulia, kisha vitambaa, kisha vyombo. Kioo walikiacha. Kasuku alitumwa ndani akachukue viatu vyake vya shule, akaingia akiimba. Mshonaji alikuwa uani, meno yamebana kamba ya godoro, aliposikia kutoka ndani ya nyumba sauti ikiita, sauti iliyochoka na yenye upendo:

"Mwanangu, njoo unipokee, nimelemewa."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Nakuja, mama!"

Mshonaji akaitupa kamba, akakimbia, akajikwaa kwenye sufuria, akainuka, akalipita jiko lililo tupu akipaza sauti asiende, asiende, huyo si mimi, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo alivyoisikia sauti yake ile nyingine ikimjibu mtoto kwa upole kutoka upande wa pili, hapo hapo, mwanangu, shika huku, inua kidogo, ahsante, mpaka alipoufikia mlango wa chumba cha kushonea, akausukuma, na nyumba yote ikawa kimya kama haijawahi kukaliwa na mtu.

Viatu vya shule vilikuwa sakafuni, kimoja kimelala ubavu. Kasuku hakuwepo. Chumbani kwake hakuwepo, wala chini ya kitanda, wala dirishani kwenye vyuma.

Kioo kilikuwa ukutani. Lakini kilikuwa kimeshuka; ukingo wake wa chini uligusa sakafu, na vichwa vya skrubu mbili, vilivyokuwa vimetengana kama mabega ya mtu mzima, sasa vilikuwa karibu karibu, usawa wa kiuno cha mshonaji.

Pimamaji alikuwa amefika nyuma yake. Kwa kuwa hakujua la kufanya ila kazi yake, aliweka pimamaji juu ya kioo. Povu likatulia katikati. Akagonga ukuta pale alipogonga siku ile. Patupu. Akashuka. Patupu. Akapiga magoti, akagonga kati ya skrubu, na ukuta ukatoa sauti ya kitu kilichojaa, kidogo, chembamba.

"Toa hizo skrubu!"

"Dada, nikizitoa..." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Zimemshika. Sijui nikizitoa kitaanguka nini."

Ndipo ukuta ukagongwa kutoka ndani, kwa kifundo kidogo.

"Hodi, mama," ikasema sauti, ikihema.

"Karibu!" mshonaji akalia, uso na viganja vyake vimebandikwa kwenye jasi. "Karibu, mwanangu! Pita! Pita ndani!"

Aliita hivyo mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyepita. Na nyuma yake, kwenye kiti chake cha kushonea ambacho hakikuwa kimepakiwa bado, mbao zikalia kwa uzito, na mtu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mgeni aliyekwisha kupokewa.