Kona ya Vizibo

Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa sita, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Lakini asubuhi yake, ndugu zangu, ilikuwa njema kabisa. Fundi seremala aliamka kabla ya binti yake, akampashia maji, akamkagua kucha, akambana utepe wa njano kifuani mwa sare kwa pini. Binti mwenyewe ana miaka mitano, na mtaani hawamwiti jina lake. Wanamwita Kijino, kwa sababu jino lake la kwanza liliota mapema likakaa peke yake miezi kadhaa, kama mlinzi wa geti.

"Leo nakuja kukuchukua mwenyewe," fundi alimwambia. Alikuwa amechuchumaa, uso kwa uso, ili mtoto aione midomo yake. "Mama Pacha nimeshamwambia asikungoje. Umeelewa, mama?"

Kijino akaitikia kwa kichwa. Mama Pacha ni jirani yao, na ndiye humrudisha Kijino kila mchana pamoja na mapacha wake. Siku hiyo fundi alijitwalia kazi hiyo mwenyewe, maana ilikuwa siku ya wageni shuleni na yeye alikuwa ameandaliwa kiti. Wageni walikuwa wanakuja kuona darasa, na ndani ya darasa hilo mlikuwa na kazi ya mikono yake.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Darasa la chekechea lilikuwa na watoto ishirini na wanne katika chumba kimoja. Ticha wao, binti aliyetoka chuoni juzi tu, aliwagawa vikundi vinne vya watoto sita sita, kila kikundi na utepe wake: nyekundu, bluu, kijani, njano. Chumba nacho alikigawa kona nne. Kona ya vitabu, kona ya maji na mchanga, kona ya nyumba yenye sufuria mbovu na mdoli mmoja, na kona ya vizibo, ambako watoto walipanga vizibo vya chupa na kuvihesabu. Kila baada ya robo saa ticha alitikisa kengele ndogo ya mkono, na kila kikundi kikahamia kona inayofuata. Hakuna aliyebaki kona moja, hakuna aliyekosa mdoli. Na katika kila kikundi alichanganya kwa makusudi, mwepesi na mzito, ili anayejua amshike mkono asiyejua.

Kijino alikuwa Kijani. Wenzake wakiinuka, anainuka. Wakihama, anahama. Alikuwa anajifunza vizuri tu.

Ndipo mwalimu mkuu akasikia kwamba wakaguzi wanatafuta darasa la mfano. Mtu yule hakuwa amekanyaga chekechea tangu mwaka uanze. Siku hiyo aliingia na miwani yake ya kuning'inia, akaangalia, akaguna, akatuma fundi aitwe.

"Fundi, wewe ndiye mtu wangu," akasema. Mkubwa akikuita mtu wake, msomaji, shika mfuko wako na akili yako. Fundi hakushika chochote. Alifurahi. "Nataka ukuta wa plaiwudi, uifunike ile kona ya vizibo. Urefu wa kifua chako, na uache upenyo wa kupita."

"Wa kazi gani, Mwalimu?"

"Wapo watoto sita wazito. Wanawaburuza wenzao. Nitawaweka kikundi kimoja, wakae huko nyuma wachezee vizibo, wasije wakatutia aibu mbele ya wageni."

Fundi akacheka. Naona haya hata kuliandika, lakini alicheka. "Hao ni mbao mbichi, Mwalimu. Waweke kivulini wakauke."

Ticha, aliyekuwa amesimama pembeni, aliuliza kwa sauti ndogo, "Wakikaa kona moja siku nzima, watajifunza nini?"

"Watajifunza kutulia," akajibu mwalimu mkuu. Hapo mjadala ukaisha, maana mkubwa ameshasema.

Fundi aliutengeneza ukuta ule kwa siku mbili, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya krimu. Jumatatu iliyofuata Kijino alirudi nyumbani na utepe wa njano badala ya kijani. Fundi aliuona. Akadhani wamebadilishana tu. Kwa wiki tatu nzima alimbana mtoto wake utepe ule kwa mikono yake, kila asubuhi, wala hakuuliza.

Na kwa nini Kijino alihesabiwa mzito? Kwa sababu akiitwa haitiki. Akiambiwa jambo, kwanza anatazama wenzake wanafanya nini. Mama wa usafi wa shule aliligundua mapema, akamfuata fundi getini.

"Baba Kijino, mimi nikifagia nyuma ya huyu mtoto hanisikii mpaka ufagio umguse. Kamwambie ticha."

"Mama, shika ufagio wako," fundi akamjibu, "masikio ya mwanangu niachie mimi."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo. Marehemu mkewe, katika siku zake za mwisho, alimshika mkono akamwambia, "Usimwite kwa mbali, mguse bega. Na siku ya kumwandikisha shule, sema." Siku ya kumwandikisha ilipofika, karani akauliza, "Mtoto ana tatizo lolote?" Fundi akaona nyuma yake foleni ya wazazi. Akaona neno kiziwi likimtangulia mwanawe mtaani. "Hana," akasema. "Mzima wa afya." Karani akaandika.

Basi mtoto alibaki na macho yake tu. Na baba yake mwenyewe akaja kumjengea ukuta mbele ya macho hayo.

Siku ya wageni kila kitu kilikwenda kama mwalimu mkuu alivyotaka. Wakaguzi watatu waliingia, wakaona kona tatu zenye watoto wachangamfu, wakaandika. Mmoja akaugonga ukuta kwa kidole. "Kazi safi. Huko nyuma kuna nini?"

"Stoo," akasema mwalimu mkuu, bila kupepesa.

Fundi alikuwa mlangoni na alisikia. Alijua kwamba si stoo. Akatazama viatu vyake.

Kisha kengele ikatikiswa, wote watoke uwanjani kupiga picha. Wageni wakatangulia, watoto wakamwagika nje nyuma yao, na Njano nao wakachomoka nyuma ya ukuta. Ticha akaanza kuwahesabu kama kawaida yake, moja, mbili, tatu, lakini mwalimu mkuu akamvuta mkono. "Twende, twende! Wageni hawangojeshwi." Mwenyewe akafunga mlango wa darasa, akatia ufunguo mfukoni.

Mpiga picha aliwapanga safu nne, kila rangi safu yake. Mbele wakakaa wageni, mwalimu mkuu, na fundi. "Tabasamu, fundi," wakamwambia. Akatabasamu. Baadaye akakaribishwa ofisini kula na wakubwa. Alikula. Alipigwa bega, akaitwa msanii. Watoto wakachukuliwa mmoja mmoja na watu wao, na fundi, kwa ule utamu wa kuitwa msanii, akasahau alichomwambia Mama Pacha asubuhi. Aliporudi kwenye karakana yake saa nane, alijiambia mtoto yuko kwa jirani kama kila siku. Akashika randa.

Saa kumi Mama Pacha akapita. "Jirani, leo mmetunyima mgeni wetu. Kijino amelala?"

Randa ikaanguka.

Mama wa usafi ndiye aliyemfungulia, baada ya kwenda kuudai ufunguo nyumbani kwa mwalimu mkuu. Chumba kilikuwa na joto, madirisha yamefungwa. Fundi akaita, "Kijino! Kijino!" Akaupita ukuta wake wa krimu.

Mtoto alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mgongo kwa upenyo na kwa viti vya wenzake. Vizibo vyote vya kona ile alikuwa amevipanga mezani, mstari kwa mstari, vikafika ukingoni. Sketi yake ilikuwa imelowa, na chini ya kiti palikuwa na dimbwi lililoanza kukauka. Fundi alikumbuka kumgusa bega.

Kijino akageuka. Akamwona baba yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuficha sketi kwa mikono miwili.

"Sijatoka," akasema haraka. "Ticha alisema tusitoke mpaka kengele. Kengele bado."

"Ililia, mama. Ililia saa tano."

Mtoto akamtazama midomo, akafikiri. "Mimi sikuiona."

Mama wa usafi alikwenda kutafuta maji na kanga.

Kesho yake wazazi walikutana. Fundi aliingia kwa moto. "Nani alifunga mlango bila kuhesabu watoto?"

"Kuhesabu ni kazi ya mwalimu wa darasa," akasema mwalimu mkuu.

"Nilianza," ticha akasema, machozi yakimlenga. "Ukanivuta mkono."

"Na baba mtoto je? Si alikaa kiti cha mbele?" Mwalimu mkuu akafungua faili. "Tena hapa pameandikwa, hana tatizo. Nani alisema hana?"

Wazazi wakageuka kumtazama fundi. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kuwapasha wakubwa, na hata leo anayo, lakini pale aliyaacha. "Mimi," akasema. "Nilisema mimi. Na ule ukuta niliujenga mimi."

Hospitali walikuta sikio moja limekufa na la pili linasikia nusu. Waliuliza kwa nini amecheleweshwa. Ticha alipewa barua ya onyo. Mwalimu mkuu alihamishwa, wanasema ni adhabu. Ofisi yake mpya ina feni mbili. Ukuta fundi aliukata kwa msumeno, akapata rafu nne fupi ambazo mtoto yeyote anaweza kuona upande wa pili kwa juu yake. Siku hizi ticha akitikisa kengele huinua na kitambaa chekundu, na vikundi vimechanganywa upya. Kijino amerudi Kijani. Vizibo bado anavipenda.

FUNZO

Ninyi mliopewa vyeo, watoto wetu si mapambo ya kuonyesha wageni. Mtoto anayechelewa ndiye wa kuwekwa mbele, penye macho ya mwalimu. Na sisi wazazi tunaopenda kunyooshea wakubwa kidole, tuanze na vidole vyetu. Udhaifu wa mtoto hauponi kwa kufichwa, unamwacha peke yake tu. Fundi alimcheka mtoto wa mwenzake bila kujua kwamba ndiye wake. Hata angekuwa wa mwenzake, aibu ingekuwa ileile.

Picha ya siku ile bado imetundikwa katika ofisi ya shule. Juzi Kijino, ambaye sasa anajua kuhesabu, alisimama chini yake na baba yake, akapitisha kidole safu kwa safu. Nyekundu, sita. Bluu, sita. Kijani, sita. Njano, akarudia mara mbili: tano. Kisha kidole kikashuka mpaka kwenye uso wa baba yake, anayetabasamu katikati ya wakubwa, kikakaa hapo.

"Baba," akauliza, "nani alikuwa anahesabu?"