Chuma Kwenye Mzizi

Saa ya chakula cha mchana mgahawa ulikuwa umefurika, watu wanakula huku wanatazama saa. Daktari wa meno, blauzi ya kijani na nywele kazibana juu, alipata kiti cha mwisho, uso kwa uso na mwanamume asiyemjua, mwenye ovaroli la bluu lililotobolewa na cheche. Mwanamume aliuma mkate mkavu. Kitu kikadondoka chubwi kwenye chai yake.

Akaziba mdomo kwa kiganja na kuinua kikombe akamwage.

"Usimwage! Lete hapa."

Daktari alikitoa kwa kijiko. Jino la mbele, la kutengenezwa, na nyuma yake kijiti chembamba cheupe. Akaligeuzageuza kwenye mwanga mpaka meza ya jirani wakaacha kula.

"Una bahati," alisema. "Kijiti kimechomoka kizima. Mzizi wako huenda uko salama."

"Bahati! Dada, nina pengo mchana kweupe, wewe unaniambia bahati?"

"Mimi ni daktari wa meno. Njoo kliniki kwangu kesho. Na usicheke mpaka hapo."

"Basi usinichekeshe."

Aliyecheka ni Daktari. Mambo yakaanzia hapo.

Mwanamume alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alipokaa kwenye kiti cha kliniki alishajua anachotaka.

"Niwekee kijiti cha chuma, Dokta. Hiki cha faiba ni mchezo wa watoto."

"Sikiliza. Ukiuma kwa nguvu, jino hupinda kidogo sana. Faiba, hizi nyuzi za kioo, inapinda nalo. Chuma kinagoma, na mzizi unapasuka. Faiba ikizidiwa inachomoka, tunarudishia. Mzizi ukipasuka ni kung'oa tu."

"Kitu laini kitaimarishaje jino?"

"Hakuna kijiti kinachoimarisha jino. Kazi yake ni kushika kofia ya juu, hilo jino la bandia. Mzigo unabebwa na jino lako mwenyewe, lile lililobaki juu ya ufizi, ndiyo maana sitaki kulichimba zaidi."

"Mimi sijaona geti la faiba."

"Mdomo si geti, ingawa wako haufungiki."

Alimpachika jino la muda wakati ufizi ukipona. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula upande wa kushoto, kama ulivyoniamuru."

"Mwanamume msikivu. Nani kakulea?"

"Mama. Na sasa wewe."

Siku ya kuweka kijiti cha kudumu, Fundi alifungua mdomo na Daktari akaona mkono wake mwenyewe unatetemeka. Alijua sababu. Alikuwa anampenda mtu huyu, tena sana, na mkono unaotetemeka ukiingia kwenye mzizi hupanua tundu na kula jino lililobaki. Akaweka kifaa chini.

"Siwezi kukutibu tena. Utamwona mwenzangu, chumba cha pili."

Sababu hakuisema. Nesi alikuwa amesimama pale, na aibu ilimshika. Ndivyo watu wazima wawili walivyoanza utoto.

"Sawa, Daktari," Fundi alisema. Chumba cha pili hakwenda. Aliamini msomi amemchoka mchomeleaji na sasa anatafuta mlango wa kumtolea. Simu za Daktari hakuzipokea. Daktari naye akajiambia mapenzi hayalazimishwi, akaacha kupiga, na jioni akawa analia jikoni huku sufuria inaungua.

Fundi alikwenda kliniki nyingine akaomba chuma, akapewa chuma. Kiliskrubiwa kikakazwa. Alitamba nacho kiwandani, akiuma mifupa mbele ya wenzake, mpaka mchana mmoja simu ya Daktari ilipolia.

"Ni mimi."

"Najua. Kulikoni?"

"Ufizi umevimba. Jino linacheza."

"Uliweka nini? Chuma?"

"Chuma."

"Njoo sasa hivi."

Aliyempiga picha ni yule daktari wa chumba cha pili, mwanamama wa makamo asiye na maneno mengi. Alichungulia ufizi, akaitazama picha, akatikisa kichwa. Mzizi ulikuwa umepasuka kwa urefu wake.

"Wa kung'oa huu, mwanangu."

Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipandwa na hasira.

"Nilikuelekeza kwa huyu mama! Kwa nini hukuja?"

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza? Mkono ulikuwa unatetemeka, we mwanamume! Nitachimbaje mzizi wa mtu ninayempenda?"

Yule mwanamama aliweka koleo chini, akaanza kusoma bango la kupiga mswaki ukutani.

"Ungesema," Fundi alisema taratibu.

"Ningesema. Kosa langu."

"Na mimi ningeuliza. Nilikuwa na kiburi."

Jino liling'olewa Daktari akiwa amemshika mkono. Mzizi ulitoka vipande viwili. Hapakuwa na la kurudishia tena. Fundi alikaa na pamba mdomoni, mdomo wa juu umekufa ganzi.

"Nilitaka nije kwenu nikiwa kamili," alisema, maneno yakimponyoka. "Sasa nitakuoaje na pengo?"

"Uma pamba."

"Nijibu kwanza."

"Damu inatoka. Uma pamba, uache kusema."

Akauma pamba, macho yakimtazama. Mlango ulikuwa wazi, nesi yupo, na wagonjwa kwenye benchi wameshanyoosha shingo. Daktari aliwaona wote.

"Nitaolewa na wewe," alisema, kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aliisikia. "Na pengo lako hilohilo. Nimesema."